Je, wajua kwa nini mji wa München, Ujerumani, huitwa Munich kwa Kiingereza?

Tiketi ya ndege itaandikwa Munich. Ukishashuka na kwenda kupanda treni, jina hilo hulioni tena: kila kibao kinasema München. Wengi hudhani Waingereza walishindwa kulitamka, wakaliharibu. Ukweli unakaribia kuwa kinyume chake. Kiingereza kimehifadhi umbo la zamani, na Wajerumani ndio waliobadilika.

Mji huo unatajwa kwa mara ya kwanza katika hati ya 1158, Kaisari Friedrich Barbarossa alipoamua ugomvi wa daraja na ushuru wa chumvi kati ya Heinrich, mtawala wa Bavaria (eneo la kusini mwa Ujerumani), na askofu wa Freising. Hati inataja soko la "Munichen", yaani mahali pa watawa; nembo ya jiji ina mtawa hadi leo. Litazame jina hilo: Mu-ni-chen. Ile i ya katikati iliivuta u iliyoitangulia mpaka ikawa ü, sauti ambayo midomo inatamka u huku ulimi ukitamka i. Kisha i yenyewe ikamezwa. Hata sisi tuna jambo la jinsi hiyo: ma- na -ino havikubaki "maino", vikawa meno. I haisikiki tena, ila imeshaigeuza a. Kiingereza kilichukua jina bila mageuzi hayo, kikadondosha mwisho na kuitamka ch kama k.

Nürnberg ni hivyo hivyo. Mwaka 1050 iliandikwa Norenberc, ikiwa na irabu kati ya r na n. Wajerumani wameiangusha irabu hiyo, Kiingereza kimeibakiza: Nuremberg. Na ile m imetoka wapi? Mahali palepale inapotoka m ya mbao, wingi wa ubao: n ikikutana na b, midomo inajifunga mapema.

Köln ina njia nyingine. Warumi waliupa mji huo hadhi ya koloni mwaka 50, enzi za Kaisari Claudius, ukaitwa Colonia Claudia Ara Agrippinensium, kwa heshima ya mkewe Agrippina aliyezaliwa hapo. Jina refu mno kwa matumizi ya kila siku, likabaki Colonia tu. Wajerumani walilikata hadi Köln (mpaka 1919 ofisi za serikali ziliandika Cöln), Wafaransa wakasema Cologne, wakitamka gn kama ny yetu. Waingereza waliazima tahajia ya Kifaransa, ila ny ikawashinda, wakatamka n tupu. Hapa kweli walishindwa. Marashi ya mji huo, yaliyoanza kutengenezwa na Johann Maria Farina mwaka 1709, ndiyo yaliyolisambaza jina la Kifaransa duniani.

Kifaransa kiliwapa Waingereza majina mengine ambayo leo wameyaacha: Mayence sasa ni Mainz, Ratisbon ni Regensburg, na Aix-la-Chapelle ni Aachen, ingawa mkataba wa amani wa 1748 bado unaitwa kwa jina la kale. Majina yaliyo midomoni kila siku hayang'oki kirahisi. Berlin na Hamburg hazina sauti ngumu, hivyo huandikwa vilevile.

Sisi nasi tusicheke. Wajerumani zamani tuliwaita Wadachi, jina lililo karibu na wanavyojiita wenyewe, kisha tukahamia Wajerumani, kwa kufuata Kiingereza.

Kwa msafiri, hatari kubwa iko Italia: huko München huitwa Monaco, na kwenye ubao wa stesheni jina hilo linaweza kukupeleka Bavaria badala ya Monaco, ile nchi ndogo ya pwani ya Mediterania. Angalia kama pameandikwa "di Baviera", yaani ya Bavaria. Katika ndege, fuata herufi tatu za uwanja: MUC, CGN, NUE. Frankfurt nazo ni mbili. Ya benki na ndege ni Frankfurt am Main, ile inayoandikwa Frankfurt (Oder) iko mpakani na Poland.

Kama kibodi yako haina nukta, usizifute tu. Ü iandike ue, ö iandike oe: Muenchen, Koeln, Nuernberg. Si ujanja wa kompyuta; nukta hizo zenyewe zilianza kama e ndogo iliyoandikwa juu ya herufi. Hivyo ndivyo majina yenye ü yanavyoandikwa hata katika mistari ya kusomwa na mashine kwenye pasipoti za Kijerumani. "Munchen" wataielewa, lakini si Kijerumani wala Kiingereza. Kwa Kiswahili, mimi ningeandika kama wenyeji wanavyoandika, isipokuwa Bayern Munich, ambayo watangazaji wa mpira wameshaizoea na hawataiacha leo.