Maandishi hayamtoshi kila kiziwi
Watengeneza video wengi wa Dar es Salaam huamini kwamba ukishaweka maandishi chini ya picha, viziwi wote umewahudumia. Si kweli. Aliyekulia katika Lugha ya Alama ya Tanzania husoma Kiswahili kama lugha ya pili. Lugha yake ina sarufi yake, na nyusi na mdomo hubeba maana pamoja na vidole. Kwa hiyo mkalimani wa lugha ya alama aliyebanwa kwenye kijisanduku cha pembeni, mikono ikifunikwa na tangazo la bei, ni kazi bure kwa anayetazama simu ndani ya daladala ya Gongo la Mboto. Miongozo ya kimataifa ya WCAG, inayoeleza jinsi ya kufanya maudhui ya mtandaoni yawafikie watu wenye ulemavu, huyataja maandishi na ukalimani kama mahitaji mawili tofauti. Maandishi yabaki: yanamfaa aliyepoteza usikivu ukubwani, hata abiria aliyezima sauti.