Sekunde saba, biti ya kununua na nyimbo za mababu: dhana potofu kuhusu hakimiliki

"Ukichukua chini ya sekunde 7 za wimbo wa mwingine huna kosa." Wengine husema 30. Sheria ya Kenya wala ya Tanzania haina kipimo hicho. Mahakama hutazama uzito wa kipande: mlio mfupi wa gitaa ukiwa ndio unaoutambulisha wimbo, ufupi wake haukukingi. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya Marekani ilitoa hukumu kali juu ya kipande cha gitaa cha sekunde 2, ingawa kilikuwa kimeshushwa toni na kurudiwarudiwa. Mwaka 2016 mahakama nyingine ya rufaa, huko huko, ikakataa kufuata msimamo huo katika kesi ya mlio wa ala za kupuliza wa sekunde 0.23. Majaji wenyewe hawajakubaliana, kwa hiyo usitegemee saa.

Kumbuka pia kwamba wimbo mmoja hubeba haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na melodi, na ya rekodi. Ukikata kipande cha rekodi unahitaji idhini zote mbili. Ukimwita mpiga gitaa aupige upya mstari ule ule, haki ya rekodi hujaigusa. Unabaki kuomba idhini ya mtunzi peke yake. Ndiyo maana prodyuza mzoefu hulipia saa mbili za studio badala ya kuhangaika na kampuni ya rekodi.

"Biti nimeilipia, ni yangu." Biti ni mdundo wa kuimbia uliotengenezwa na prodyuza, na risiti ya M-Pesa inathibitisha kwamba pesa zilitoka, basi. Kwa sheria ya Kenya, kuhamisha hakimiliki au kutoa leseni ya kipekee ni lazima kuwe kwa maandishi na kutiwe saini na anayetoa. Bila hayo, prodyuza anaweza kuwauzia biti ile ile wasanii kumi. Wa kwanza akiuingiza wimbo wake wote kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua nyimbo, wengine tisa wanapata madai, kwa sababu mfumo hulinganisha sauti, haujui mikataba. Ukipinga, mdai ana siku 30 za kujibu. Andikeni mapema: biti ni ya kipekee au la, mgawo wa utunzi kwa asilimia, na nani aruhusiwe kuisajili huko.

"Usiposajili huna haki." Kenya iliingia Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1993, Tanzania 1994, na mkataba huo unakataza kuifanya haki itegemee usajili. Cheti cha KECOBO au COSOTA, ofisi za hakimiliki za Kenya na Tanzania, ni ushahidi, na ushahidi mzuri, lakini haki ilishazaliwa uliporekodi. Tunza mafaili ya kazi yenye tarehe.

"Nimemtaja msanii, inatosha." Shukrani si idhini.

"Hakimiliki inaua ubunifu." Hapa watu huogopa pasipo na hatari. Sheria hulinda umbo la kazi. Wazo na mtindo ni vya wote. Mshairi anayetunga mishororo ya mizani 16 hamwibii yeyote, na spidi ya singeli inayopita midundo 200 kwa dakika haina mwenyewe. Kizuizi cha kweli kiko kwenye kazi za zamani. Nchini Kenya haki ya rekodi hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, kwa hiyo rekodi ya 1970 iko huru tangu 2021. Utunzi wake, hata hivyo, hulindwa hadi miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, na warithi mara nyingi hawajulikani walipo. Kibaya zaidi, Marekani hulinda rekodi za kati ya 1957 na Februari 1972 hadi Februari 2067. Kipande kilicho halali Nairobi kinaweza kukuletea madai mara tu wimbo unaposikika Chicago.

"Nyimbo za jadi hazina mwenyewe." Ngoma ya harusi iliyopokelewa vizazi na vizazi huenda haina mtunzi anayejulikana, lakini kanda uliyoikata ina aliyeirekodi. Kenya ina pia sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa na sanaa za jadi, nayo inataka ridhaa ya jamii husika. Nenda kwa wazee, elezeni matumizi na malipo, mwandikishane, kisha rekodi upya kwa sauti zao.