Nani mwenye jeshi? Maana ya mamlaka ya kiraia juu ya wanajeshi

Ukishapita Mwenge kwa Barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam, unafika Lugalo. Watu wengi wanaijua kambi hii kwa sababu ya hospitali yake ya jeshi. Zamani iliitwa Colito. Colito ni mahali Ethiopia ambako mwaka 1941 askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, wakiongozwa na maofisa wa Kiingereza, walipigana na Waitaliano. Lugalo ni mahali Iringa ambako Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walikipiga kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Zelewski. Kambi ni ileile, lakini kati ya majina hayo mawili kuna jeshi lililovunjwa na jeshi jingine lililoanzishwa, na habari ya majeshi hayo mawili inaeleza vizuri kuliko kamusi kile kinachoitwa uhusiano wa jeshi na raia.

Maneno hayo yanawapoteza wengi. Mtu akiyasikia anafikiria wanajeshi wakiokoa watu wakati wa mafuriko, au wakijenga daraja kijijini. Hayo yamo, ila kiini kiko kwingine. Kila nchi huchukua watu wachache miongoni mwa watu wake, ikawapa silaha ambazo wengine wote hawana, halafu ikategemea kwamba silaha hizo hazitaelekezwa kwa wenye nchi. Kwa nini mwenye bunduki amtii asiye nayo? Anapokea amri ya nani, mshahara wake unatoka mkono upi, na akikosea anamjibu nani? Majibu ya maswali haya, jinsi yalivyo katika nchi fulani kwa wakati fulani, ndiyo uhusiano wa jeshi na raia wa nchi hiyo. Majibu yakiwa mabaya, kazi ya kuyatengeneza upya ndiyo mageuzi ya jeshi.

Turudi Colito. Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi. Nchi ilikuwa huru tangu Desemba 9, 1961, lakini jeshi lilikuwa lilelile la King's African Rifles lililobadilishwa jina. Mkuu wake alikuwa Brigedia Patrick Sholto Douglas, Mwingereza, na karibu maofisa wote wakubwa walikuwa Waingereza. Mwafrika alibeba bunduki, alipiga kwata, alipanda hadi usajini na kidogo zaidi ya hapo, basi. Uraiani mambo yalikuwa yakibadilika kila siku, wakuu wa wilaya walikuwa wananchi, mawaziri walikuwa wananchi, lakini ndani ya lango la kambi mkoloni alikuwa hajaondoka. Askari walidai mambo mawili: mishahara ipande na maofisa wa Kiingereza waondoke. Waliwafungia maofisa hao, wakaingia mjini, wakaweka vizuizi barabarani, na Waingereza wakapakiwa kwenye ndege kwenda Nairobi. Mwalimu Nyerere alifichwa. Oscar Kambona, waziri aliyesimamia ulinzi, ndiye aliyekwenda kambini kuzungumza na askari waliomzunguka na bunduki zao. Tabora nako kikosi kikaasi. Maduka yakaporwa na watu kadhaa wakauawa mjini.

Hao askari hawakuwa na mpango wa kutawala. Hawakutangaza serikali wala hawakumtaka rais mpya. Hili ni muhimu kwa kuelewa dhana yenyewe, kwa sababu watu huchanganya maasi na mapinduzi. Mapinduzi ni kuichukua dola. Maasi ni kukataa kutii. Lakini aliyefanikiwa kukataa kutii ameshaona kwamba serikali haina cha kumfanya, na kutoka hapo hadi Ikulu si mbali.

Januari 25 helikopta kutoka meli ya kivita ya Uingereza, Centaur, zilishusha makomando Colito, na baada ya mapambano mafupi maasi yakaisha. Serikali huru ya Kiafrika ilikuwa imelazimika kumwita mkoloni wa jana aje kuwanyang'anya silaha askari wake yenyewe. Nyerere hakuficha kwamba ilikuwa fedheha.

Wiki hiyohiyo moto ulishaenea. Januari 23 waliasi askari wa Jinja, Uganda, na Januari 24 wa Lanet, karibu na Nakuru, Kenya. Majeshi haya matatu yalikuwa ya mama mmoja, yana malalamiko yanayofanana, na yote yalizimwa kwa msaada wa Waingereza. Ila serikali tatu zilijibu kwa namna tatu, na ningependa kila anayesoma habari za majeshi aanzie hapa.

Uganda ilikubali. Waziri Felix Onama alikwenda Jinja kuzungumza, askari wakamshikilia, mishahara ikapandishwa. Jeshi likajifunza kwamba bunduki inalipa. Miaka saba baadaye, Januari 25, 1971, Rais Milton Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Idi Amin alichukua nchi. Sisemi kwamba nyongeza ile ya mshahara ndiyo iliyomleta Amin. Kulikuwa na mengi katikati, likiwemo la Obote mwenyewe kulitumia jeshi dhidi ya Kabaka, mfalme wa Buganda, mwaka 1966. Lakini mlango ulikuwa umeshaachwa wazi.

Kenya iliwashtaki waasi katika mahakama ya kijeshi, ikaendelea na mfumo uleule na washauri walewale wa Kiingereza, huku maofisa wa Kiafrika wakipandishwa taratibu.

Tanganyika ililivunja jeshi zima. Askari walirudishwa makwao na Nyerere akawatangazia vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichotawala, waende kwenye ofisi ya chama iliyo karibu wakajiandikishe, maana jeshi jipya litatokana na wao. Kwa miezi kadhaa nchi haikuwa na jeshi la kuitwa jeshi. Februari mawaziri wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Dar es Salaam, na Aprili kikosi cha Nigeria kikaja kuchukua nafasi ya Waingereza na kusaidia kuwafunza vijana. Kamanda wa kikosi hicho, Luteni Kanali James Pam, aliuawa Januari 1966 katika mapinduzi ya kijeshi ya nchi yake mwenyewe. Huwa namfikiria sana mtu huyu. Alikuja kutusaidia tusifikwe na kile ambacho baadaye kilimfika yeye kwao.

Septemba 1, 1964 ikazaliwa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Mirisho Sarakikya, kijana aliyesomea uofisa Sandhurst, chuo cha jeshi cha Uingereza. Litazame jina lenyewe: Jeshi la Wananchi. Jina hilo lilikuwa jibu la swali la nani mwenye jeshi. Jibu hilo halikuishia kwenye jina. Katika jeshi la kikoloni askari alikatazwa siasa kabisa. Sasa akaruhusiwa kuwa mwanachama wa TANU, akawekewa makamisaa wa siasa, yaani maofisa wa kumfundisha siasa ya chama, na jeshi likawa na nafasi yake ndani ya chama. Wazo lilikuwa hili: askari anayeijua nchi inaelekea wapi, na anayejiona ni sehemu ya safari hiyo, hana sababu ya kuipindua.

Wasomi wa mambo haya hutofautisha njia mbili za kulidhibiti jeshi. Ya kwanza ni kulifanya jeshi liwe la fani yake tu: askari ajue vita, apewe heshima katika hilo, siasa awaachie wanasiasa. Ya pili ni kulifunga jeshi na chama, itikadi au kundi linalotawala, hata maslahi yao yawe kitu kimoja. Tanzania ilichukua ya pili, na mimi naamini kwa mwaka 1964 ilikuwa na haki, kwa sababu ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa imeshindwa Colito. Waingereza walimfunza askari kazi ya vita na hawakumpa sababu ya kuipenda serikali aliyoilinda.

Njia hiyo nayo ina gharama, na ilidaiwa mwaka 1992 vyama vingi viliporudi. Jeshi lililolelewa ndani ya chama linakuwaje siku chama hicho kinapokuwa na wapinzani halali? Ilibidi kuchagua. Ibara ya 147 ya Katiba sasa inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, ila inamwachia haki ya kupiga kura. Jakaya Kikwete, aliyekuwa waziri na wakati huohuo ofisa wa JWTZ, aliacha jeshi mwaka huo akiwa luteni kanali ili abaki kwenye siasa. Kutoka gwanda hadi shati: hapo ndipo mageuzi ya jeshi yanapoonekana kwa mtu mmoja. Sheria hubadilika kwa siku moja Bungeni, lakini mazoea ya karibu miaka thelathini hayaondoki kwa siku moja, na ni halali kwa wananchi kuendelea kuuliza kama yameondoka.

Kwa kawaida tunapolizungumzia jeshi tunaangalia silaha na magwaride. Anayetaka kujua hali halisi aanze na pesa. Mfano ulio wazi kabisa ni Kongo. Baada ya mapatano ya amani yaliyokamilishwa Sun City, Afrika Kusini, mwaka 2003, majeshi yaliyokuwa yakipigana yalitakiwa kuwa jeshi moja, FARDC. Kundi baada ya kundi lilipelekwa kambini, likachanganywa, likapewa namba mpya. Tatizo kubwa lilikuwa mshahara. Fedha zilitoka Kinshasa zikipita kwa makamanda, kila kamanda akakata chake, na orodha zilijaa askari hewa ambao mishahara yao ilikuwa ya mkubwa. Askari aliye porini Kivu, mashariki mwa nchi, akipata robo ya haki yake, au asipate kabisa, atakula wapi? Atakula kwa mwanakijiji, na bunduki anayo. Kuanzia mwaka 2006 ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulisaidia kuhesabu askari kwa alama za vidole na kutenganisha njia ya mshahara na njia ya amri, yaani anayekuamuru asiwe ndiye anayekulipa. Jambo hilo linaonekana dogo, la makarani. Lakini askari anayepokea mshahara wake kutoka kwa serikali anakuwa wa serikali, na anayeupokea kutoka mfukoni mwa kanali anakuwa wa kanali.

Kongo ilikosea pia kwa kuwaingiza waasi jeshini kwa mafungu wakiwa na makamanda wao walewale katika maeneo yaleyale. Kundi la CNDP liliingizwa mwaka 2009 kwa makubaliano ya Machi 23, na mwaka 2012 wengi wao wakaasi wakajiita M23, jina la tarehe hiyohiyo. Novemba mwaka huo wakaichukua Goma.

Burundi ilikuwa na mzigo mzito zaidi. Kwa miongo jeshi lake liliongozwa na Watutsi, na maofisa wake walishika nchi mwaka 1966, 1976, 1987 na 1996. Oktoba 1993 askari walimuua Melchior Ndadaye, rais wa kwanza Mhutu aliyechaguliwa kwa kura, miezi michache tu baada ya kuapishwa. Raia anapolitazama jeshi la namna hiyo anaona kabila lenye mizinga. Ndiyo maana Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, ulioanza kusuluhishwa na Nyerere na kumalizwa na Mandela, ulikwenda moja kwa moja kwenye hesabu: kabila moja lisizidi nusu ya jeshi. Waliokuwa wakiwindana msituni wakalala bweni moja, wakala chungu kimoja. Mei 2015, Pierre Nkurunziza akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza kumwondoa, na jeshi likagawanyika kwa siku mbili hadi jaribio likashindwa. Niyombare ni Mhutu, na alitoka kundi lilelile la msituni la Nkurunziza. Hesabu ya makabila ilikuwa imefanya kazi yake, kwani jeshi halikupasuka kwa mstari wa kabila. Lililokuwa halijapata jibu ni swali jingine: rais akibishaniwa kama anaivunja katiba, askari amtii nani?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, hata waandishi wa habari. Wanadhani jeshi linalomtii rais limeshakuwa chini ya raia. Amin alitiiwa na jeshi lake kwa miaka minane. Rais ni Amiri Jeshi Mkuu kwa niaba ya wananchi, kwa hiyo utii kwake lazima upite kwenye sheria, na lazima kuwe na wengine wenye haki ya kuhoji: Bunge linalopitisha bajeti ya ulinzi, kamati inayoita wakubwa na kuwauliza, mkaguzi wa hesabu, mahakama. Waziri wa ulinzi asiye mwanajeshi ni sehemu ya jambo hilohilo. Tanzania mwaka 2021 ilimteua Stergomena Tax, mwanamke wa kwanza kushika wizara hiyo, na majenerali wakampigia saluti kama walivyowapigia waliomtangulia.

Katiba ya Kenya ya 2010 imeliweka jambo hili wazi zaidi ya katiba zote za majirani. Ibara ya 241 inasema wanajeshi wanaweza kutumwa kurudisha utulivu mahali penye ghasia nchini kwa idhini ya Bunge la Taifa tu, na wakitumwa kusaidia katika dharura Bunge liarifiwe. Juni 25, 2024 vijana waandamanaji walipoingia Bungeni Nairobi, wizara ya ulinzi ilitoa tangazo katika gazeti rasmi la serikali kuwaita KDF, yaani wanajeshi wa Kenya, wawasaidie polisi. Kesho yake wabunge wakaidhinisha. Chama cha Wanasheria kikakimbilia mahakamani, na Mahakama Kuu haikuwarudisha askari kambini ila iliitaka serikali ieleze mipaka ya kazi yao. Wakenya wakabishana kwa siku kadhaa, redioni na kwenye simu zao, juu ya saa zile chache kati ya tangazo na kura: je, idhini ya wawakilishi wao ilitakiwa itangulie magari ya jeshi, au iliruhusiwa kuyafuata?