Ushirikishaji wa umma: sahihi yako kwenye baraza la sola ina maana gani?

Kuna karatasi ambayo haikosi barazani, yaani kwenye mkutano wa hadhara wa wakazi. Ina safu nne: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Inaanza kwa wazee walioketi kwenye viti vya plastiki, inashuka kwa akina mama walio kwenye nyasi, na ikifika nyuma kwa vijana wa boda imeshakunjika. Asiyeandika anabonyeza kidole gumba kwenye wino. Kisha soda, na pengine nauli.

Tuseme baraza hilo ni la huku Muhoroni, na kampuni inataka mashamba ya miwa ili iweke paneli. Si kaploti kadogo. Kituo cha sola cha Garissa, cha takriban megawati 50, kimekalia hekta 85, yaani kama ekari 210. Ukizungushia eneo la namna hiyo ua wa waya, kijiji kinabadilika njia zake.

Ushirikishaji wa umma ni wajibu wa mwenye kuamua kukueleza jambo, kukusikiliza na kuyapima uliyosema kabla hajaamua. Umo katika ibara ya 10 ya Katiba ya Kenya ya 2010 kama mojawapo ya maadili ya taifa, na ibara ya 69 inaurudia kwa upande wa mazingira. Mradi mkubwa unapofanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, ripoti inayopelekwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, lazima ionyeshe watu wa eneo walisikilizwa. Kanuni za tathmini hiyo za 2003 ziliweka hata idadi: angalau mikutano mitatu na wale watakaoguswa, pamoja na tangazo la redioni kwa lugha rasmi na lugha ya wenyeji.

Hapo ndipo ile karatasi inapokuwa na kazi. Inafungwa nyuma ya ripoti kama ushahidi kwamba ulikuwepo. Haisemi ulikubali. Haisemi ulikataa pia. Kushirikishwa na kuridhia ni vitu viwili, na ugomvi mwingi huzaliwa pale vinapochanganywa: afisa wa mradi anasema "wananchi walikubali, hizi hapa sahihi", na mama aliyetia sahihi anaapa alikuwa akipokea soda tu. Wote wawili wameisoma karatasi vibaya. Na mkazi anayedhani baraza likikataa basi mradi umekufa naye anakosea, kwa sababu sheria inampa sikio, haimpi kura ya turufu.

Mwenye shamba yeye ana mlango mwingine. Anakodisha ardhi yake kwa mkataba, na kwa kuwa ni ardhi ya kilimo, mkataba huo lazima upite bodi ya ardhi, la sivyo ni batili. Kama ardhi ni mali ya ndoa, mwenzi wake naye lazima aridhie. Yaani yeye kweli anaombwa idhini, na akikataa, mazungumzo yameisha. Jirani wa ng'ambo ya ua haombwi. Hapati kodi, ila ndiye atakayekaa na ua huo miaka 20 na zaidi. Kwa maoni yangu ugomvi wa mashamba ya sola huwa mkali zaidi kati ya majirani wenyewe kuliko kati ya kijiji na kampuni, na baraza ndilo mlango wa kwanza, mara nyingi wa pekee, alioachiwa yule asiye na kitu cha kukodisha.

Sasa angalia mlango huo unavyofungwa polepole. Mama anasimama na kuuliza: "Na njia yetu ya kwenda mtoni mtaipitisha wapi?" Anajibiwa, "Hilo tumelichukua, mama." Kwenye kumbukumbu za mkutano linaandikwa: wakazi waliuliza kuhusu barabara. Mto umepotea. Njia ya miguu imekuwa barabara, na atakayesoma ripoti Nairobi ataona swali la matengenezo.

Kwa hiyo swali linalodumu ni lile lenye kipimo ndani yake. Ukisema "sola ina madhara", utajibiwa kwamba paneli hazitoi moshi, na ni kweli hazitoi. Ukiuliza maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye paneli yatachimbiwa mtaro upande gani, inverta (mitambo ya kugeuza umeme wa paneli uingie gridi) na transfoma zinazovuma zitawekwa mita ngapi kutoka kwenye boma la nani, ng'ombe watapita wapi, hapo lazima mtu atoe ramani. Uliza pia laini ya umeme kutoka kituoni hadi gridi itakatiza mashamba ya nani. Wengi husahau hili: huenda usiwe karibu na paneli hata kidogo na bado ukapandishiwa mlingoti shambani, na hiyo ina fidia yake kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 2012.

Kampuni nayo ina sababu ya kusikiliza. Kinangop, hapo juu ya Naivasha, mradi wa umeme wa upepo wa megawati 60 ulivunjwa 2016 baada ya maandamano ya wakazi.

Kabla baraza halijafungwa, omba kumbukumbu zisomwe kwa sauti, kwa lugha ambayo kila mtu pale anaielewa. Ulichosema kikikosekana, kiandike na ukipeleke NEMA ndani ya muda uliotajwa kwenye tangazo la mradi, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Leseni ikitolewa na hujaridhika, kuna Mahakama Maalum ya Mazingira (National Environment Tribunal), na siku za kukata rufaa ni 60. Wengi huanza kuzihesabu siku tingatinga linapofika, wakati ambapo huwa zimeshakwisha.