Begi jepesi kwa mlala bembea: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

“Bembea ni nyepesi kuliko hema, basi.”

Kitambaa chenyewe, kile kinachotundikwa kati ya miti miwili, ni chepesi, hilo halina ubishi. Bembea ya kulalia ya nailoni ya safu moja inaweza kuwa chini ya gramu 300. Lakini porini hakuna anayelala kwenye kitambaa kitupu. Kuna mikanda ya kufungia mitini, turubai la mvua na kamba na vigingi vyake, chandarua, kinga ya baridi ya chini na ya juu. Weka vyote kwenye mizani pamoja, na mara nyingi utajikuta palepale alipo mwenzako mwenye hema jepesi la mtu mmoja na godoro lake, au umemzidi. Sababu nzuri ya kuchagua bembea ni usingizi, na uwezo wa kulala penye mteremko, mawe au tope. Wepesi lazima uutafute.

“Mfuko mzuri wa kulalia unatosha.”

Hapa ndipo wageni wa bembea hutetemeka hadi alfajiri. Kinachotunza joto ni hewa iliyotulia ndani ya manyoya au nyuzi. Ukiulalia mfuko, mwili wako unaikamua hewa hiyo mgongoni na makalioni, na chini yako hakuna ardhi bali upepo unaopita ukikupokonya joto. Ndiyo maana blanketi la chini, lile linalotundikwa nje ya bembea ili lisigandamizwe, halimo kwenye orodha ya kupunguzwa. Namna ya kulitundika ni muhimu kuliko unene wake: likiacha mwanya, hewa baridi inapita katikati, likikazwa mno, linakuwa bapa na kazi yake imekwisha.

Hata hivyo, papo hapo pana gramu za kuokoa. Kama upande wa chini wa mfuko haufanyi kazi, unaubebea nini? Blanketi la juu lisilo na mgongo wala zipu linafunika vilevile. Kusipokuwa na baridi kali, blanketi la chini la robo tatu, kutoka mabegani hadi magotini, linatosha ukiweka kipande cha sponji chini ya miguu. Mchana kipande hichohicho kinakaa mgongoni mwa begi lisilo na fremu. Sponji peke yake badala ya blanketi? Inawezekana na ni nafuu, ila huteleza usiku na mabega hubaki nje.

“Kaza bembea hadi inyooke, ndipo utalala sawa.”

Kinyume chake. Mkanda ukishuka kwa nyuzi 30 kutoka mstari wa mlalo, kila upande unavutwa kwa nguvu inayokaribia uzito wako wote. Ukikaza hadi nyuzi 10, mvuto unakaribia mara tatu: mtu wa kilo 80 anaweka takriban kilo 230 kwenye kila mkanda. Mwenye kukaza hivyo atahitaji vifaa vinene, na vinene ni vizito. Iache ilegee, kisha lala kimshazari. Mgongo utanyooka wenyewe. Kwa hiyo kujifunza kufunga vizuri nako ni kupunguza mzigo, tena bila kununua kitu.

“Kamba nyembamba ya Dyneema inamaliza yote.”

Dyneema, aina ya nyuzi za plastiki, ina nguvu ya ajabu kwa uzito wake, lakini ikizungushwa mtini hukata gome. Kinachogusa mti kiwe mkanda wa upana wa sentimita 2.5 au zaidi. Kamba nyembamba ijaze umbali uliobaki. Kumbuka pia kwamba inateleza, na fundo linaloshika kwenye kamba ya kawaida huweza kufunguka kwenye hii ukiwa juu yake.

“Anza kwa kununua begi jepesi.”

Begi linunuliwe mwisho, ukishajua ujazo na uzito wa vitakavyoingia. Begi lisilo na fremu likijazwa mzigo mzito litakuumiza mabega kuliko lile la zamani.

“Kata mpini wa mswaki.”

Kata ukipenda. Lita moja ya maji ni kilo moja. Anayejua chanzo kifuatacho cha maji kiko wapi ameokoa zaidi ya miswaki mia.

“Usipofika chini ya kilo 4.5, hujafika.”

Kipimo hicho, pauni 10, ni desturi ya wapenda wepesi: uzito wa begi bila chakula, maji wala nishati ya kupikia. Si sheria. Anayekifikia kwa kuacha koti la mvua, taa au vifaa vya huduma ya kwanza amepunguza usalama wake tu.

Na hesabu za nyumbani hazijui mvua. Turubai la nailoni iliyopakwa silikoni hunyonya maji na kulegea usiku, kwa hiyo likaze tena kabla ya kulala. La poliesta hulegea kidogo tu. Asubuhi likung’ute, ulifunge nje ya begi, mbali na blanketi la manyoya, kwa sababu manyoya yakilowa hunywea na hayakupi joto.