Wadudu wa shaba wa Japani: yanayosemwa na yalivyo

Vunjajungu wa shaba anayekunja miguu, kufunua mbawa na kupinda papasi (vipapasio vya kichwani) ni kazi ya sanaa iitwayo jizai okimono, yaani sanamu ya mnyama yenye viungo vinavyosogea. Kwa sasa Haruo Mitsuta ni miongoni mwa mafundi wake wanaojulikana zaidi. Picha za wadudu hawa zikisambaa, maelezo ya kubuni husambaa nazo.

Dhana: Ndani mna springi au mota ndogo.
Hamna kitu. Mkono wako ndio unaomsogeza, na msuguano wa viungo ndio unaomshikilia pale ulipomwacha. Ugumu wa kazi uko hapo. Mguu una nyonga, paja, goko na kikanyagio cha vipande vidogo, ambavyo kwa mbawakawa wengi ni vitano. Viungo hushikwa kwa pini nyembamba zilizopondwa ncha kama ribiti. Pini ikipondwa kidogo mno, mguu hulegea na mdudu huketi tumbo chini. Ikizidishwa, kiungo hukaza, na ukikilazimisha, unakwaruza rangi au kukata pini. Ribiti hailegezwi kama skrubu. Hutobolewa, hutolewa, ukaanza upya. Kulehemu nako kuishe kabla ya kuunganisha: lehemu ya fedha huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 600 za Selsiasi, na ikitiririka hadi kwenye kiungo, kiungo hicho kimekufa.

Dhana: Humiminwa kwenye kalibu.
Kwa njia ya jadi, mwili hutokana na bamba lililokatwa, likagongwa kwa nyundo hadi libonyee, kisha likapigwa tupa. Ganda likiwa tupu mdudu huwa mwepesi, na msuguano mdogo humtosha.

Dhana: Mafundi wa deraya waliianza baada ya amri ya 1876 iliyozuia kubeba panga.
Si kweli: joka la chuma lenye viungo la Myochin Muneaki, fundi wa deraya, lililoko Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, lina tarehe ya 1713, enzi ya amani ya Edo. Enzi ya Meiji (1868–1912) ilileta soko la nje, na karakana ya Takase Kozan huko Kyoto ilinufaika nalo.

Dhana: Rangi zimepakwa.
Rangi hutoka kwenye madini yenyewe. Shakudo, yaani shaba iliyochanganywa na dhahabu asilimia chache tu, hugeuka nyeusi yenye mng'ao wa zambarau. Shibuichi, mchanganyiko wa shaba na fedha, hutoa kijivu. Shaba tupu huwa hudhurungi nyekundu. Vipande husuguliwa hadi visafike, hupakwa figili iliyokunwa, kisha huchemshwa kwenye maji yenye mrututu na kutu ya kijani ya shaba iitwayo rokusho. Alama moja ya kidole chenye mafuta huacha doa. (Chuma hakichemshwi hivi, hicho hupewa kutu ya kudhibitiwa.) Tabaka hilo la rangi ni jembamba mno, kwa hiyo mwenye kipande asithubutu kukipaka dawa ya kung'arishia shaba: weusi wa shakudo huondoka wote, na haurudi bila kuchemshwa tena.