Damu baada ya kujifungua hupimwa, haikisiwi

Kwa miaka mingi mkunga amekadiria kwa macho damu anayopoteza mzazi. Macho hudanganya. Damu huchanganyika na maji ya uzazi, nyingine inanywewa na khanga, nyingine inatuama chini ya mgongo, na kinachoandikwa kwenye faili mara nyingi ni pungufu. Mama akianza kutoka jasho la baridi, muda umeshapotea.

Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa Mei 2023, ulifanyika katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Katika hospitali zilizopewa mbinu mpya, mama alitandikiwa shuka la plastiki lenye mfuko uliochorwa vipimo. Damu ikifika mstari wa hatari, mkunga hangoji: anakanda kizazi, anatoa oksitosini (dawa ya kukaza kizazi), asidi ya traneksami (dawa ya kusaidia damu kuganda) na dripu, anakagua kama kuna mchaniko, na kuita msaada hali isipotulia. Vyote kwa mkupuo. Mazoea yetu yalikuwa dawa moja, kusubiri, kisha nyingine.

Kutokwa na damu kupita lita moja, upasuaji wa kuizuia, au kifo kutokana nayo vilipungua kwa asilimia 60. Kwangu mimi takwimu nzito zaidi ni nyingine: hospitali zilizobaki na utaratibu wa zamani ziligundua takriban nusu tu ya waliotokwa na damu nyingi, zenye mfuko asilimia 93. Huwezi kutibu usichokiona, hata duka la dawa liwe limejaa.

Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya. Tiba haingoji tena mililita 500. 300 zinatosha iwapo mapigo ya moyo yanakwenda mbio au presha imeshuka. Kwa mama mwenye upungufu wa damu, hata hizo si kidogo, ndiyo maana vidonge vya madini ya chuma vya kliniki visiishie kabatini.

Ndugu mnaomhudumia mzazi, msifue khanga wala kutupa pedi kabla mkunga hajaziona. Mkisharudi nyumbani, pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, yakitoka mabonge makubwa, au mama akiona kizunguzungu, msikubali kuambiwa "tumbo linajisafisha". Mrudisheni kituoni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama ni siku ya kumi.